Gramu Kumi na Nane Mbele ya Mzee Kioko

Baba yangu alitaka shoka, mimi nikampa mashine ya kahawa.

Kwao baba, kijana akija kutaka mke hasikilizwi maneno mpaka aonekane akifanya kazi. Babu mzaa mama alimkabidhi baba shoka na gogo la mgunga, kisha akaketi kwenye kigoda kumtazama tangu asubuhi hadi jua la utosi. Baba alilipasua gogo, viganja vyake navyo vikapasuka, na ni baada ya hapo tu ndipo alipoulizwa ukoo wake. Sasa mimi naishi Mji wa Kale, ghorofa ya pili, nyumbani kwa Bi Mwanakhamis. Huku ukitafuta gogo la kupasua utaishia kupasua mlango wa mtu wenye nakshi za mababu.

“Baba, huku kuni hakuna,” nilimwambia kwenye simu. “Labda apasue vitunguu.”

“Usinichezee, Ndinda.”

“Sikuchezei. Atakupikia kahawa. Espreso, ile ya mashine yangu.”

Nikamsikia akivuta pumzi kule Tononoka.

“Ile unayoipima kama dawa ya hospitali?”

“Hiyo hiyo. Gramu kumi na nane zinaingia, thelathini na sita zinatoka, kwa sekunde ishirini na nane. Ikipungua si yenyewe, ikizidi si yenyewe.”

“Kwa mizani?”

“Kwa mizani, baba.”

Nilijua nimempata. Baba alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya malori ya kampuni moja ya nafaka karibu na bandari. Lori linapimwa tupu, linapimwa limejaa, na tofauti ndiyo mahindi yenyewe. Mwambie baba yangu neno mizani, ni kama umemwambia padri neno madhabahu.

“Nitakuja Jumamosi,” akasema. “Saa tatu. Na huyo kijana wako wa Rabai mwambie saa tatu ni saa tatu.”

*

Lazima nikiri jambo moja: Kitsao hakuwa mtu wa mizani.

Yeye ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo, kule Kilindini. Siku nzima husoma karatasi zinazosema kontena hili lina uzito gani na lile lina uzito gani, na akitoka kazini hataki kuona tarakimu, hata ya saa. Tulijuana alipoleta karatasi za shehena kwenye ghala la kahawa la Mbaraki, ambako kazi yangu ni kuonja. Aliniona nikivuta kahawa kwa kijiko kwa kishindo, nikiitema ndooni, akauliza kwa huruma ya kweli, “Dada, ni mbaya kiasi hicho?” Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mwaka mzima umepita tangu siku hiyo, na bado ananipalia.

Basi ikanibidi nimfundishe. Wiki mbili, kila jioni akitoka kazini, jikoni kwangu ambako watu wawili wakisimama lazima mmoja avute tumbo.

“Mama yangu Kanze hupikia harusi nzima,” aliniambia siku ya kwanza, “na chumvi anatia kwa kiganja. Hajakosea hata siku moja.”

“Mama Kanze ana miaka sitini ya kiganja. Chako kimezoea kugonga muhuri tu. Weka kikombe kwenye mizani.”

“Naam, mwalimu.”

“Rudisha sifuri, uzito wa kikombe usihesabiwe.”

“Nimerudisha.”

“Sasa tia punje, polepole. Mbona mkono unatetemeka?”

“Mwalimu, ukisimama karibu hivyo, mizani inapima na moyo wangu.”

Nikamgonga begani kwa kijiko cha mbao. Lakini sikusogea.

Nilikuwa na vikombe viwili vyeupe vya kupimia, pacha kwa jicho. Kwa mizani kimoja kilizidi kingine kwa gramu nne nzima, ndiyo maana kile kizito nilikitia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, chini ya kitako. Mtu akirudisha sifuri kwa kikombe hiki halafu akapimia kile, mizani itamdanganya, na kahawa itamwaibisha.

“Chagua kimoja ushikamane nacho,” nilimwonya.

“Kama mke?”

“Kama mke.”

“Nimeshachagua,” akasema, na wala hakuwa akitazama vikombe.

Utasema, mbona mambo mengi kwa kahawa tu? Nitakwambia. Miaka minne iliyopita palikuwa na Ronald. Ronald alijua kusema, Mungu amsamehe. Kadi zimechapishwa, mashangazi wameshona sare, keki imeagizwa, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikapokea ujumbe wa simu wa mistari mitatu, wa mwisho ukiwa wa kunitakia baraka. Nililia hadi nikaishiwa. Halafu nikacheka, maana mwokaji alikataa kuirudisha keki na tukaila siku nne, asubuhi na jioni. Baba hakulia wala hakucheka. Aliwapakia mbuzi wa mahari ya watu kwenye pikapu, akawarudisha mwenyewe, safari ya siku nzima, na akirudi hakusema neno. Toka hapo, mwanamume yeyote akitajwa nyumbani kwetu, swali la baba ni moja: “Amepimwa?”

Na safari hii alikuwa ameshatoa neno lake mapema. Akisema ndiyo Jumamosi, wazee wa Rabai watafungua mazungumzo. Akisema hapana, wasijisumbue kupanda ngazi zake. Mimi ni mbishi, kila mtu ajua, lakini ubishi wangu una mpaka. Siwezi kuolewa baba yangu akiwa ametazama ukutani.

*

Jumamosi Kitsao alifika saa mbili na nusu, shati limepigwa pasi hadi unaweza kulikatia mkate. Alinitazama mlangoni kwa kitambo, mimi na leso yangu kiunoni na nywele nimezifunga ovyo.

“Nini?” nikauliza.

“Najaza macho. Babako akinifukuza, angalau nitaondoka nimeshiba.”

“Usiseme hivyo.”

“Natania.”

“Nami nakwambia usiseme hivyo.”

Akaacha kutania. Akanishika vidole viwili tu, vya mwisho, kama mtu anayeshika kitu cha mwenyewe asiyekuwapo. Tukasimama hivyo mpaka hodi ikapigwa. Nikatazama saa ya simu: saa tatu, hata dakika haijapinda.

“Shikamoo Mzee Kioko,” Kitsao akasema.

“Marahaba. Wewe ndiwe Kitsao?”

“Ndimi, mzee.”

“Nilidhani utakuwa mrefu zaidi.”

“Nilikuwa mrefu, mzee. Ngazi za nyumba hii ndizo zilizonipunguza.”

Uso wa baba haukusogea. Alivua kofia, akaketi kwenye stuli karibu na dirisha la jikoni, akaiweka gotini na kuikunja mikono. Kisha akanigeukia mimi.

“Wewe utakaa hapa, kando yangu. Hufungui mdomo. Hutoi ishara. Nisikusikie hata ukikohoa.”

“Na nikipaliwa?”

“Paliwa kimya.” Akamtazama Kitsao. “Anza.”

Kitsao akaanza vizuri. Nilitaka kupiga makofi. Aliwasha mashine, akaiacha ipate moto. Akaweka kikombe kwenye mizani, akarudisha sifuri, akangoja tarakimu zitulie. Baba aliinama mbele kidogo alipoziona zile sufuri, kama mtu aliyemwona rafiki wa zamani upande wa pili wa barabara.

Hapo hapo mlango ukasukumwa.

“Hodi, hodi! Ndinda, babako yuko wapi nimwamkue?” Bi Mwanakhamis akaingia na sinia la mahamri na bakuli la mbaazi, buibui linamburuta nyuma. “Karibu, baba, karibu sana. Mgeni haketi na njaa nyumbani kwangu. Kitsao mwanangu, ndoo hapa unipokee, mikono yaniuma.”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mume wa watu.”

“Bado,” baba akasema.

“Nami nimesema wa watu, sijasema wa nani,” bibi akamjibu, akavuta kiti. “Nakaa hapa hapa. Mambo kama haya sitaki kuhadithiwa.”

Kitsao alisogeza mizani, akasogeza kikombe kando ya pacha wake, akapisha sinia. Alimimina maji ya kunawa, akampa bibi kitambaa. Adabu yote aliyofundishwa na Mama Kanze ilimtoka kwa wakati mmoja. Aliporudi kwenye kahawa, akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akachota nacho punje kutoka kwenye kopo na kukiweka kwenye mizani. Ishirini na moja nukta mbili. Akapunguza punje, moja moja, kwa subira, hadi mizani ikaandika kumi na nane kamili.

“Kumi na nane, mzee.”

“Naona,” baba akasema.

Kisha Kitsao akainua kikombe kuzimimina punje kwenye kinu, na chini ya kitako nikaiona: nukta nyekundu.

Moyo wangu ulianguka hadi kwa wapangaji wa chini. Alikuwa amerudisha sifuri kwa kikombe chepesi na kupimia kile kizito. Zile hazikuwa gramu kumi na nane. Zilikuwa kumi na nne.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini baba alikuwa kando yangu, mikono ameikunja, na nikaziona tena pembe za mbuzi zikichomoza nyuma ya pikapu. Nikaubana mdomo.

Kitsao akasaga. Akashindilia unga kwenye kichujio chenye mpini, akakifunga kwenye mashine, akaweka kikombe cha kunywea juu ya mizani chini ya mdomo wa mashine, akarudisha sifuri, akabonyeza. Kahawa ikaja mbio kama mtoto aliyesikia kengele ya shule. Rangi ya majani makavu, nyembamba. Sekunde kumi na sita tu, gramu thelathini na sita zikawa zimetimia. Akazima. Nikaona nyusi zake zikikutana. Wiki mbili nilikuwa nimemwambia ishirini na nane, naye alijua kuna kitu kimeharibika ila hakujua ni nini. Akaniangalia. Nikatikisa kichwa, kidogo sana, upana wa unywele: nyamaza.

Baba akatia sukari vijiko vitatu. Akakoroga. Akanywa.

Akanywa tena.

“Nzuri,” akasema.

Bi Mwanakhamis akanifinya paja.

“Laini,” baba akaendelea, akiitazama kahawa kana kwamba imemtolea siri. “Nilikuwa nimeambiwa ni chungu. Hii haina ukali hata kidogo. Inashuka.” Akamaliza, akaweka kikombe chini, akajifuta masharubu. Nikaona mabega yake yakishuka, kitu ambacho sikukiona miaka minne. “Kitsao. Hapo Rabai, nyinyi ni wa ukoo gani?”

Swali la ukoo! Nilitaka kuruka. Nilitaka kulibusu sinia la mahamri. Nikamtazama Kitsao nikimwambia kwa macho, jibu, mpenzi, jibu upesi.

Naye alikuwa amekishika kikombe cha kupimia, ili akisuuze. Alikuwa amekipindua. Alikuwa anaitazama nukta.

Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona rangi ya kucha. Nikanyoosha mguu chini ya meza na kukanyaga kiatu chake kwa nguvu zangu zote. Hakuniangalia.

“Mzee,” akasema. “Samahani. Kabla sijakujibu la ukoo. Kahawa uliyokunywa si sawa.”

“Ni nzuri.”

“Ni nzuri, lakini si sawa. Nilirudisha sifuri na kikombe kile, nikapima na hiki. Hiki kimezidi gramu nne. Nilikwambia kumi na nane. Zilikuwa kumi na nne.”

“Gramu nne ni kitu gani, mwanangu?” Bi Mwanakhamis akadakia haraka. “Hata sisimizi hashibi! Kula hamri.”

Lakini baba alikuwa ameshaondoka. Mwili ulikuwa kwenye stuli, yeye alikuwa amerudi kwenye kibanda chake cha mizani, mvua inanyesha, malori yamepanga foleni.

“Umepima gari moja tupu,” akasema polepole, “ukaja na lingine limejaa.”

“Ndivyo, mzee.”

“Mchezo huo naujua. Dereva anakuja asubuhi na trela jepesi, napima, naandika. Mchana anarudi na trela zito, rangi moja, hata mikwaruzo imefanana. Mizani inasema mahindi yametimia, kumbe nusu ya magunia yameuzwa njiani.” Akasimama. Akachukua kofia. “Miaka thelathini na mmoja. Na kila niliyemshika aliniambia, mzee, ni kusahau tu.”

“Mimi pia ni kusahau, mzee.”

“Wote husema hivyo wakishashikwa.”

Kitsao alikiweka kikombe mezani, nukta ikitazama juu.

“Wewe hukunishika, mzee.”

Mashine ikadondosha tone lake la mwisho.

“Hapo amesema,” Bi Mwanakhamis akanong’ona.

Kofia ikabaki mkononi mwa baba, haikupanda kichwani wala haikurudi gotini. Akanigeukia taratibu, na nikatamani sakafu ya bibi, ambayo kila mwaka tunalalamika ina nyufa, ipasuke kweli.

“Ndinda. Wewe vikombe hivi ni vyako. Uliona?”

Ningesema sikuona angeniamini. Baba hajawahi kunipima mimi.

“Niliona, baba.”

“Lini?”

“Alipomimina kwenye kinu.”

“Kabla sijanywa.”

“Kabla hujanywa.”

“Ukanyamaza. Wewe, unayenigombeza hata nikitia majani ya chai bila kijiko.”

“Uliniambia nisifungue mdomo,” nikasema, nikijaribu kucheka. “Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Nilikuogopa wewe. Hapana, si wewe.” Nilikuwa nimeishika leso yangu kwa mikono miwili. “Baba, nilisimama dirishani siku ile ukiwapakia wale mbuzi. Mmoja alikuwa hataki, ukamwinua kama mtoto mchanga, ukamwambia pole. Ulimwambia mbuzi pole, baba, na mimi hukuniambia kitu. Nikasema, ikitokea tena kitu kama kile, sitaweza. Leo nikaona nukta ile nikafikiri, ni gramu nne tu. Nani atajua? Nipeni tu mtu wangu, na hizo gramu nne nitazilipa mimi maisha yangu yote.”

Machozi yalikuwa yameshateremka, kwa hiyo sikuona vizuri, lakini nilisikia stuli ikilia. Baba alikuwa ameketi tena.

“Sikujua ulikuwa dirishani,” akasema.

“Nilikuwa.”

“Nilidhani unalala. Nilitoka mapema kusudi, usione.” Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati, na haikuwa na uchafu wowote. “Pole, mama. Ningekwambia siku ile. Sikujua mtu huanzia wapi.”

Ananiita mama, maana jina la mama yake mzazi ndilo nililopewa, lakini anaponiita hivyo huwa mimi ni mtoto wa miaka sita tena. Nikaketi sakafuni pale pale, kichwa kwenye goti lake, watu wanione. Bi Mwanakhamis alikuwa akilia kwa sauti ndani ya hamri.

Baba akapenga kamasi. Akavaa miwani.

“Wewe kijana.”

“Naam, mzee.”

“Mbona umesimama kama mlingoti? Pika tena. Sawasawa safari hii.”

Kitsao akapika tena. Alikipindua kikombe kwanza, akaonyesha kitako chake kwa baba kama mwizi aliyeokoka anavyoonyesha mifuko. Sifuri. Punje. Kumi na nane. Safari hii mashine ilinguruma bila kutoa kitu, tukangoja, tukangoja, halafu uzi mmoja mzito wa rangi ya tende ukaanza kushuka, polepole, unang’aa. Baba alikuwa akihesabu kwa midomo. Ishirini na nane. Thelathini na sita. Kitsao akamsogezea bakuli la sukari, naye akalisukuma kando kwa kidole.

Akanywa funda moja. Masharubu yakasimama.

“Mungu wangu,” akasema. “Watu hununua hii?”

“Hununua, mzee.”

“Kwa hiari yao?”

Nilicheka sakafuni mpaka nikajigonga kwenye mguu wa meza. Baba alikunywa yote, funda kwa funda, uso umejikunja kama mtu anayetolewa mwiba, hakubakisha hata tone.

“Ya kwanza ilikuwa tamu zaidi,” akasema.

“Najua, mzee.”

“Na uliona nimeipenda.”

“Niliona.”

“Na swali la ukoo ulilisikia vizuri. Ulijua maana yake?”

“Ndinda alishanihadithia habari za lile gogo, mzee. Nilijua.”

Baba akakitazama kikombe kitupu, kisha akamtazama Kitsao, kwa utulivu, kuanzia viatu vilivyokanyagwa hadi shati lililokuwa limepoteza pasi yote.

“Waambie wazee wako waje Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Saa nne. Waanze safari saa moja kama ni lazima. Na mama yako aje, nataka kumwona mtu anayepima chumvi kwa kiganja. Huyo naye tutaongea.” Akavaa kofia. “Nisindikize hadi barabarani. Vichochoro vya huku vimesukwa kama mkeka, nitapotelea humu.”

Wakateremka. Nilisikia sauti zao zikishuka ngazi, nzito na nyepesi, halafu zikapotea. Nikaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Nikavifuta. Bi Mwanakhamis alishuka chumbani kwake kutafuta leso ya kufutia macho, akiniambia kwamba sinia lake nilirudishe na kitu, si tupu, nimeshakuwa bibi harusi sasa.

Haikupita dakika kumi nikasikia mtu anapanda ngazi mbili mbili. Kitsao akatokea mlangoni, anahema, jasho limemteremka hadi kwenye kola.

“Umemwacha wapi baba?”

“Chini. Kwenye baraza. Hataki kuondoka.”

“Amebadilisha mawazo?”

“Hapana. Ameniuliza jambo.” Akashika mwimo wa mlango apate pumzi. “Ameniuliza, binti yangu ulimuuliza siku gani? Nikamwambia, mzee, sisi tumekuwa tukizungumza tu, tutafanya hivi, tutakwenda pale. Akaniambia, hilo nimelisikia, nakuuliza ulimuuliza siku gani. Nikafikiri. Ndinda, nimemwomba ruhusa mama yangu, nimewaomba wajomba watatu, nimemwomba babako mara mbili kwa kahawa. Wewe sijakuuliza.”

Ni kweli. Mwaka mzima. Ronald naye hakuwahi kuniuliza. Alinitangaza mbele ya watu kanisani, nami nikapiga makofi pamoja na wengine.

Kitsao alikuja hadi katikati ya jikoni, pale ambapo watu wawili hawatoshi.

“Sina la kupima hapa,” akasema. “Utanitaka, Ndinda? Mimi, mchana na usiku, nikikosea na nikipatia. Ukisema hapana nitashuka nimwambie babako mwenyewe.”

Ningeweza kujibu hapo hapo. Lakini mtu aliyengoja miaka minne ana haki ya kufurahia swali. Nikamtazama. Macho yale, ambayo hayakunikwepa hata nilipomkanyaga. Mikono ile, inanuka kahawa. Nikaacha jasho limteremke tone moja zaidi.

“Amesemaje?” sauti ya baba ikapanda kutoka uchochoroni.

Na kabla sijafungua kinywa, dirisha la chini likafunguliwa kwa kishindo, na vigelegele vya Bi Mwanakhamis vikarusha njiwa wote wa paa la jirani.

“Bibi!” nikaita kwa kucheka, nimetoa kichwa nje. “Sijajibu bado!”

“Basi jibu, mwanangu, koo lanikauka!”

Chini, baba alikuwa ameinua uso, kofia mkononi, anatabasamu kama kijana aliyemaliza gogo lake. Nikarudisha kichwa ndani. Nikamshika Kitsao kola kwa mikono miwili, shati likakunjika lisiweze kunyooshwa tena na pasi yoyote ya kisiwa hiki, na nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

“Nakutaka!”